VINEGRI: DAWA AU KITU CHA JIKONI?

Ukipita asubuhi katika soko la Kilwa, kati ya meza za kisense na mafungu ya sombe, utaona chupa za vinegri zimepangwa pamoja na mafuta na chumvi. Hakuna ubaya. Saladi ya nyanya na vitunguu inataka vinegri, na samaki wa Mweru aliyelazwa kidogo katika vinegri na chumvi kabla ya kukaangwa ni chakula kizuri sana pamoja na bukari. Lakini siku hizi chupa ile imetoka jikoni ikaingia chumba cha kulala. Mmoja anakunywa kijiko kila asubuhi ili tumbo lipungue. Mwingine anampaka mtoto mwenye homa. Wa tatu ameacha vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari kwa sababu shemeji yake amemtumia ujumbe katika simu. Sisi wa dispansere tunawapokea wote watatu, na mara nyingi wamekwisha kuchelewa.

Basi, ndugu wafanyakazi na akina mama wa kambi, safari hii tuseme juu ya vinegri, ile ambayo watu wa Tanzania na wa Pwani huita siki. Tutasema mabaya yake na mema yake, maana mema yapo, na moja kati yake ni kubwa kuliko yote yanayosimuliwa sokoni.

NI KITU GANI?

Jina lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ni divai iliyochacha. Ukiacha divai au pombe wazi kwa siku nyingi, vijidudu vidogo vya hewani vinaingia na kugeuza kileo kuwa asidi. Ndiyo vinegri. Katika lita moja ya vinegri ya mezani mna asidi gramu 50 hivi. Iliyobaki karibu yote ni maji. Iwe ya matofaa, ya divai au ile nyeupe ya bei ndogo, asidi ni ile ile. Ya matofaa ina harufu nzuri zaidi na bei kubwa zaidi.

Ukitaka kuona nguvu yake, huna haja ya kitabu. Chukua kijiwe cha malakiti, lile jiwe la kijani ambalo kila mtoto wa Katanga amelichezea, ulitie katika glasi ya vinegri. Utaona mapovu madogo madogo yakipanda, na kesho yake maji yamekuwa ya buluu. Shaba imetoka katika jiwe ikaingia katika maji. Katika viwanda vingi tunafanya kazi hiyo hiyo kwa asidi kali zaidi. Maji yale ya buluu ni sumu, usimwachie mtoto glasi ile.

Sasa fikiri: kitu kinachokula jiwe, kitaliacha jino? Jino limevikwa ganda gumu, na ganda hilo likiisha kuliwa na asidi halioti tena. Anayekunywa vinegri tupu kila asubuhi analiosha ganda hilo kwa asidi kila asubuhi. Akipiga mswaki papo hapo anazidisha, maana ganda limelainika bado.

Vilevile sufuria. Zile sufuria zinazoyeyushwa na kumiminwa na mafundi kutoka vyuma vya zamani ni nafuu, nasi wote tunazo. Lakini fundi akiyeyusha vipande vya injini na mabaki ya kila namna, hajui risasi kiasi gani imeingia ndani. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kazi yao juu ya sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni: walichemsha ndani yake maji yenye asidi ya vinegri, wakakuta risasi imetoka ikaingia katika maji. Risasi inaharibu akili ya mtoto polepole, bila homa wala maumivu. Kwa hiyo samaki wa vinegri alale katika bakuli la kioo, la udongo uliochomwa vizuri au la plastiki ya chakula. Asilale katika sufuria ya namna hiyo.

VUMBI LA MAPAFUNI

Hii naisikia zaidi kwa wanaume wanaotoboa miamba na wale wa mashine ya kusaga mawe. Wanasema vinegri inakata vumbi kifuani. Zamani katika migodi na viwanda vingi vya dunia watu walisema hivyo juu ya maziwa, na wengine wanasema hata leo. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanapita njia ya tumbo. Vumbi linapita njia ya hewa. Njia hizo mbili zinaachana kooni, na kitu unachokunywa kikikosea njia na kuingia ya hewa, utakohoa mpaka machozi. Hakuna kinywaji kinachofika mahali vumbi lilipo.

Wengine wanachemsha vinegri na kuvuta mvuke wake. Mwanzoni mwa mwaka 2003, ugonjwa wa mapafu uitwao SARS ulipotokea katika jimbo la Guangdong huko China, watu walikimbilia maduka kununua vinegri ili waichemshe nyumbani wasafishe hewa. Bei ilipanda vibaya sana. Ugonjwa uliendelea kama kwamba hakuna vinegri. Mvuke ule unachoma tu njia za hewa, na mwenye pumu unaweza kumletea shida ya kupumua.

Vumbi la silika likiisha kutia makovu mapafuni, hakuna dawa ya kuyatoa, ya dukani wala ya munganga. Kinachosaidia kinafanyika kabla: kutoboa kwa maji, kunyunyizia njia maji, kuvaa maski inayobana uso barabara, kutofagia vumbi kavu, na kwenda kupigwa picha ya kifua unapoitwa. Mtu mwenye vumbi mapafuni anakamatwa na kifua kikuu upesi kuliko mwingine. Kikohozi kikizidi wiki mbili, leta makohozi yapimwe. Kifua kikuu kinapona kwa dawa za miezi sita, lakini anayejitibu kwa vinegri kwa miezi miwili anaweza kuwaambukiza watoto wake wote wanaolala naye nyumba moja.

KOLERA NA VINEGRI

Hapa nakaa zaidi kidogo, kwa sababu sisi wa kando ya ziwa kolera tunaijua. Kilwa, Pweto na vijiji vya wavuvi ni mahali ambapo ugonjwa huu unarudi mara kwa mara. Na kila unaporudi, maneno ya vinegri na ndimu yanarudi pamoja nao.

Katika maneno hayo mna ukweli kidogo. Kijidudu cha kolera kinaogopa asidi. Huko Guinea-Bissau watafiti waliona kwamba familia zilizotia maji ya ndimu katika mchuzi zilipata kolera kidogo kuliko nyingine, wakachapisha habari hiyo mwaka 2000. Basi kutia ndimu au vinegri katika chakula wakati wa kolera ni jambo jema, silikatazi. Lakini mtu akisikia hivyo anafikia mambo mawili ambayo ni ya hatari.

La kwanza, anatia vijiko viwili vya vinegri katika ndoo ya maji ya ziwa na kusema maji yamepona. Hayakupona. Asidi kidogo ile imepotea katika lita 20. Maji yanapona kwa kuchemka au kwa klorini iliyopimwa vizuri.

La pili ndilo linaloua. Mtu amekwisha kupata kolera, anahara maji kama ya kuoshea mchele, na jamaa wanamnywesha vinegri ili “ikate” kuhara. Mgonjwa wa kolera kali anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa. Mtu mzima mwenye nguvu, aliyebeba gunia jana, anaweza kufa leo kabla ya jua kutua. Kinachomuua ni kuisha kwa maji na chumvi mwilini, na vinegri hairudishi hata kimoja. Mpe maji ya SRO tangu kuhara kwa kwanza. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa kisu. Anywe kidogo kidogo hata kama anatapika, na mwendelee kumnywesha njiani mkimpeleka. Wasiotibiwa, katika kolera kali nusu yao wanaweza kufa. Wanaotibiwa mapema na vizuri, hafi hata mmoja katika mia. Sijui dawa nyingine inayoleta tofauti kubwa namna hiyo kwa sukari na chumvi.

TAHADHARI: VINEGRI NA JAVELI

Wakati huo huo wa kolera kila nyumba inanunua javeli ya kuosha choo na sakafu. Basi mama mwenye bidii anafikiri: javeli inaua vijidudu, vinegri nayo inaua, nikivitia pamoja katika ndoo moja nitapata nguvu mara mbili. Akina mama, msifanye hivyo hata siku moja. Asidi ya vinegri inafukuza klorini kutoka katika javeli, inatoka kama hewa yenye harufu ya kuchoma. Hewa hiyo ndiyo ile Wajerumani waliyoifungulia maaskari wa Ufaransa karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, wakafa wengi ndani ya mahandaki.

Klorini ni nzito kuliko hewa, inakaa chini. Katika choo kidogo kilichofungwa, aliyeinama kusugua anaivuta kwanza, na mtoto anayetambaa mlangoni anaivuta pamoja naye. Macho yanawaka, koo linabana, kikohozi hakikomi. Ikitokea, acha ndoo pale pale na utoke nje. Usirudi kumwaga. Fungua mlango kama unaweza bila kuingia, waondoe watoto, na mje dispansere hata kama kikohozi kimetulia, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Javeli ifanye kazi peke yake na maji. Vivyo hivyo usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo.

Na kwa kuwa tunasema juu ya asidi: kazini, tone la chokaa au la soda kali likiruka jichoni, kuna wanaosema chokaa na asidi ni maadui, kwa hiyo tia vinegri jichoni. Uadui huo ni kweli katika chupa ya maabara. Jichoni unaleta moto mwingine juu ya moto wa kwanza, na dakika unazopoteza kutafuta vinegri ndizo zinazopofusha jicho. Maji, maji mengi yanayotiririka, dakika 20 kwa uchache, kope zimefunguliwa kwa vidole. Baadaye munganga. Ni hivyo hivyo kwa asidi ya salfa kwenye ngozi.

SUKARI, TUMBO NA DAMU

Juu ya ugonjwa wa sukari, ukweli upo lakini ni mdogo. Mwaka 2004 huko Arizona, Marekani, watafiti waliwapa watu vinegri iliyotiwa maji kabla ya chakula cha mkate na maji ya matunda, wakaona sukari ya damu haikupanda juu kama kawaida baada ya kula. Vinegri inachelewesha chakula kutoka tumboni, basi sukari inaingia damuni polepole. Hiyo ni saa chache baada ya mlo. Haitibu ugonjwa. Na bukari lililojaa sinia litapandisha sukari, hata ukimwaga chupa nzima juu yake. Aliyeandikiwa metfomini au insulini aendelee nayo; akipenda saladi yenye vinegri, ale saladi. Mwenye insulini ambaye anakunywa vinegri kila siku amwambie munganga, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno.

Kupunguza unene? Huko Japani mwaka 2009 watu wanene walikunywa vinegri iliyotiwa maji kila siku kwa wiki 12. Walipungua kilo moja mpaka mbili, na walipoacha, uzito ulirudi. Mwaka 2024 ilitoka habari nyingine kutoka Lebanoni yenye matokeo makubwa ya kushangaza. Ilizunguka dunia yote katika simu na redio. Mwaka 2025 gazeti la wanganga lililoichapisha liliifuta, kwa sababu hesabu zake hazikuaminika. Ile ya kwanza ilifika mpaka kambini. Ya kufutwa haikufika, maana habari ya kufuta haimuuzii mtu chupa.

Kuna wasemao inakausha damu, na kuna wasemao inaongeza damu. Niliwahi kuyasikia yote mawili siku moja, katika benchi moja la kungojea. Hayo mambo hayawezekani yote mawili, na kwa kweli hakuna hata moja. Damu inapungua kwa malaria, kwa minyoo, kwa uzazi wa karibu karibu, kwa kukosa chakula chenye chuma kama maini, samaki na maharagwe. Anayekunywa vinegri kupita kiasi hupata hasara mahali pengine: mwaka 1998 wanganga wa Innsbruck, Austria, waliandika juu ya mwanamke wa miaka 28 aliyekunywa robo lita kila siku kwa miaka sita. Potasiumu ya damu yake ilikuwa imeshuka na mifupa yake imekuwa dhaifu kama ya bibi kizee. Wanaokunywa dawa za tansio zinazokojoza maji wasikie hiyo vizuri, kwa sababu dawa nyingi kati ya hizo nazo hutoa potasiumu.

Tena kuna vijana wanaosukutua vinegri asubuhi baada ya lutuku ya usiku, ili chombo cha kupima pombe pale getini kisione kitu. Chombo kile kinapima hewa ya mapafuni, inayotoka katika damu. Kinywa kinaweza kunuka vinegri na damu ikabaki na pombe yake. Ini linaisafisha kwa mwendo wake lenyewe, saa baada ya saa, na halikimbizwi kwa vinegri, kahawa wala maji ya baridi. Mtu huyo akipita getini kwa bahati, anapanda juu ya lori la tani nyingi, na wenzake wako chini.

MTOTO MWENYE HOMA

Mtoto akipakwa vinegri, ngozi inapoa chini ya mkono wa mama kwa dakika chache, kwa sababu kila kitu cha majimaji kinapoza kikikauka. Mama anashangilia. Ndani ya damu, malaria inaendelea kuongezeka. Mvulie nguo nzito, mnyonyeshe au mnyweshe, umpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na umlete apimwe siku hiyo hiyo: tone la damu la kidoleni, majibu kama dakika 20. Akitetemeka kwa degedege, akishindwa kunyonya au akilala mno, usingoje kukuche. Na juu ya ngozi ya mtoto mchanga vinegri inaweza kuacha jeraha la moto.

Chupa pia mtu aiangalie. Huko Urusi na nchi nyingine wanauza asidi ya vinegri ya nguvu ya asilimia 70 ili watu waitie maji wenyewe, na lopitali zao zimepokea wengi waliounguzwa koo na tumbo kwa kuinywa bila kujua. Ukiuziwa vinegri katika chupa ya zamani ya limonadi, bila karatasi ya jina, na harufu yake inakupiga machoni, iache mezani pa muuzaji.

KAZI YAKE KUBWA

Wako akina mama wanaojiosha ndani kwa vinegri wakitafuta usafi. Mahali pale mwili umekwisha kujitengenezea asidi yake wenyewe, kwa kazi ya vijidudu vizuri vinavyolinda mlango. Kuosha ndani kunawafukuza walinzi hao, na magonjwa yanaingia. Kuosha nje kwa maji kunatosha.

Lakini mikononi mwa mwuguzi aliyefundishwa, vinegri hiyo hiyo inaokoa wanawake. Saratani ya mlango wa kizazi inachukua miaka mingi kukua, na mwanzoni haiumi hata kidogo. Mwuguzi anapaka mlango wa kizazi asidi ya vinegri ya asilimia 3 mpaka 5, anangoja dakika moja, anaangalia kwa taa. Mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Sisi tunaita kipimo hicho IVA. Huko Mumbai, India, tangu mwaka 1998 walifuata wanawake 150,000 hivi. Kwa wale waliopimwa kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya ambao hawakuwa wanganga, vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendelea kipimo kingine, cha kutafuta virusi vya HPV vinavyoleta saratani hiyo. Mahali ambapo kipimo hicho hakijafika, IVA inaendelea kufanya kazi.

Mama mwenye miaka 30 mpaka 49 apimwe, hata kama hasikii maumivu yoyote. Mwenye virusi vya ukimwi aanze akiwa na miaka 25. Aje siku ambayo hayuko mwezini. Kama ana mimba, amwambie mwuguzi kwanza. Baba, ukisikia bibi yako anaitwa kwa kipimo hiki, usiulize ana ugonjwa gani; anaitwa ili usiwepo. Kipimo kinachukua dakika chache. Alama nyeupe ikionekana, mara nyingi inaweza kuchomwa au kugandishwa bila kulala lopitali, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake siku hiyo hiyo.